Foleni Kwenye Mkia wa Farasi

Asubuhi ile malori yalikuwa bado yamelala pande zote mbili za barabara pale Salgaa, madereva wakinywa chai ya kwanza, naye Hanif alikuwa chini ya mabati ya karakana yake akitoboa mashimo ya miguu kwenye benchi la hospitali. Keekee ilikuwa butu. Kila baada ya kuizungusha kidogo alisimama, akapuliza vumbi jekundu, akanusa. Ulikuwa mtarakwa, ule wa zamani, mzito kama deni la urithi. Siku hizi mtarakwa huuoni. Wakubwa walitunga sheria ya kuulinda msitu, kisha wakaumaliza wao wenyewe kwa malori yenye kibali. Hivyo ndivyo Hanif alivyoliona jambo hilo, na hakuna mtu Salgaa aliyembishia, maana kubishana na Hanif tangu afiwe na mke kulikuwa kazi ya kutwa.

Alikuwa anatengeneza farasi. Ndivyo mafundi wa zamani walivyokiita kile kiti kirefu cha kuchongea. Fundi anakipanda kama mtu aliyepanda punda. Mbele yake kuna ubao wa mteremko, na katikati ya ubao huo inapita shingo ya mti yenye kichwa juu na kikanyagio chini. Ukisukuma kikanyagio kwa miguu, kichwa kinashuka na kuuma mti unaochongwa, na mikono yako yote miwili inabaki huru kuvuta kile kisu chenye vipini viwili. Ukilegeza miguu, kichwa kinaachia.

Hanif alikuwa amechonga mipini maisha yake yote bila farasi. Ya jembe, ya shoka, ya sururu, na miko ya ugali ya mahoteli ya barabarani. Hakumhitaji farasi kwa sababu alikuwa na Kuluthum. Mkewe aliketi mkabala naye juu ya gunia, leso ameikunja magotini, akaubana mti kati ya nyayo zake na kuushika ncha kwa mikono miwili, naye Hanif akavuta kisu kuelekea kifuani mwake mwenyewe. Hawakuwahi kukatana. Kuluthum alijua wakati wa kuugeuza mti bila kuambiwa, na kisu kikianza kwenda kinyume cha nyuzi alisema "Mh-mh" tu, na Hanif akakigeuza. Watu waliwacheka, eti fundi mzima anashikiwa kazi na mke.

"Cheka," Hanif aliwajibu. "Wewe wako anakushikia nini?"

Kuluthum alikufa kwenye foleni. Alikwenda hospitali ya Mti Mkavu asubuhi na mapema, kifua kimembana, akaketi mwisho wa benchi pamoja na wengine waliokuwa wakimngoja daktari. Kila mgonjwa aliyeitwa, wote walisogea bila kuinuka, makalio yakiteleza juu ya ubao, wa nyuma akichukua joto la wa mbele. Hanif alitaka kwenda dirishani kupiga kelele ili mkewe aingizwe. Kuluthum akamshika kanzu. "Keti, Baba Najwa. Usinitie aibu. Kila mtu hapa ni mgonjwa." Kisha daktari, ambaye alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, akaitwa na wakubwa kwenye mkutano Nakuru mjini. Foleni ikasimama. Alasiri mtu mmoja alimwambia Kuluthum, "Mama, songa kidogo," na Kuluthum hakusonga.

Alikuwa nafasi ya katikati.

Baadaye wakubwa hao hao walileta viti vya chuma pale Mti Mkavu. Kulikuwa na utepe, hema, muziki na chupa za maji. Mabenchi ya mbao yakatupwa nyuma ya tanuri la takataka, na askari wa lango akamwambia Hanif achukue analotaka, ni kuni hizo. Hanif akachagua lile la kwenye ujia, lile alilofia Kuluthum. Hakulichukua kwa ajili ya kumbukumbu. Alilichukua kwa sababu ubao wake ulikuwa mnene kama tofali, na juu yake ulikuwa laini kuliko ubao wowote aliowahi kuupiga randa. Wagonjwa walikuwa wameupiga randa kwa miaka mingi kwa kusogea.

Harjit alimkuta akiupachika mguu wa mwisho. Harjit alikuwa na yadi ya mbao Nakuru, na baba yake, Sikh mmoja mwenye ndevu nyeupe na ulimi mkali, ndiye aliyemfundisha Hanif kazi. Mzee huyo alikuwa na farasi wake mwenyewe, akimtumia kuchongea spoku za magurudumu ya mikokoteni. Sasa Harjit akashuka kwenye pikapu, akaizunguka kazi, mikono nyuma.

"Fundi, hii ni farasi ama ni treni?"

"Farasi."

"Mzee wangu angekata hapa." Akaonyesha kwa kidole, nyuma kidogo ya mahali pa kukalia. "Nyuma ya makalio yako ni mbao ya bure."

"Sikati. Mbao kama hii nitapata wapi tena? Waulize waliokula msitu."

"Mkia umetoka nje ya mlango! Watu watajikwaa."

"Wapite upande ule mwingine."

Harjit akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, mpaka mwisho wake uliotoka nje juani, ambako Hanif alikuwa ameuegemeza juu ya jiwe. "Hii imeketiwa sana," akasema. "Angalia, Hanif. Mimi niliwahi kumuuzia mtu kitanda cha mbao za kanisa. Siku za kazi haamki hata umwagie maji. Jumapili alfajiri yuko macho, amevaa."

"Ni usingizi wake tu huo."

"Sawa. Mimi nimesema."

Hanif hakukata. Akamaliza shingo, akakipachika kichwa kwa kabari, akapanda. Mpini wa kwanza ulikuwa wa shoka, mzeituni wa msituni, mti mgumu usiosamehe mkono mlegevu. Akausukuma mguu, kichwa kikaushika mti, na maranda ya kwanza yakajikunja na kumwangukia mapajani. Farasi alishika vizuri. Hakusema "Mh-mh," lakini alishika vizuri.

Mpini ulikuwa umekaribia kuisha aliposikia ubao ukilia nyuma yake, mlio mdogo wa kitu kinachoketiwa. Akageuka. Mzee mmoja aliyevaa gamboti alikuwa ameketi karibu na mgongo wake, kofia juu ya goti.

"Habari ya asubuhi," mzee akasema.

"Nzuri."

"Daktari ameshafika?"

"Hapa si hospitali, mzee. Hapa ni karakana."

"Sawa," mzee akasema, na akaendelea kuketi.

Hanif alimjua. Alikuwa Kiptanui, aliyekuwa akiuza maziwa kwa pikipiki, na alikuwa amezikwa wakati wa mvua za mwaka uliopita. Hanif akarudi kwenye mpini wake, kwa kuwa mwenye shoka alikuwa ameahidiwa kuupata mchana. Alipogeuka tena, nyuma ya Kiptanui alikuwa ameketi utingo mmoja wa lori, kijana, akitetemeka ndani ya jaketi, kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha wengine, wamebanana mpaka kwenye jiwe. Waliokosa nafasi walichuchumaa kando ya ua, kila mmoja akijua yuko nyuma ya nani. Madereva waliokuwa wakienda kunywa chai waliwapita wakiwasalimu. Mmoja akauliza, "Boss, hii laini ni ya nini?" akajibiwa ni ya daktari, akasema poleni, akaenda zake.

Kuluthum alikuwa katikati. Alikuwa amevaa buibui lile lile, mkoba mapajani, viatu vya kahawia alivyovitoa sandukuni siku ile kwa sababu hospitali si mahali pa kwenda na ndara.

Hanif alishuka, akamwendea, akasimama mbele yake na kisu mkononi.

"Mama Najwa."

"Baba Najwa. Umekonda. Unakula nini?"

"Nakula."

"Chapati za barabarani."

"Nakula tu. Inuka twende nyumbani, pako hapo nyuma."

Kuluthum akatazama mbele, akatazama nyuma, kama mtu anayepima. "Nikiinuka nitapoteza nafasi."

"Nafasi gani? Mama Najwa, wewe..."

"Najua nimekufa, mimi si mtoto. Lakini nafasi yangu ni yangu. Nimeingojea." Akampapasa mkono kidogo, palipo na sugu ya kisu. "Endelea na kazi yako. Najwa amepiga simu?"

"Anapiga. Yuko Mombasa bado."

"Mwambie anasalimiwa," akasema, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamwambia Hanif, kwa adabu lakini kwa sauti, "Mzee, ukiongea naye ongea, lakini usiingie laini."

Kesho yake Hanif alipanda kwenda Mti Mkavu kuwaarifu kwamba wagonjwa wao wako kwake. Msichana wa dirisha la mapokezi alimsikiliza huku akila ndizi.

"Wako wangapi?"

"Wengi. Wamejaa benchi na ua."

"Walete."

"Hawainuki. Wanaogopa kupoteza nafasi."

"Ndio hivyo, mzee, hata hawa wa hapa hawainuki." Akaelekeza ganda la ndizi kwenye viti vya chuma, ambavyo vilikuwa vimejaa. "Daktari hawezi kuja huko, yuko peke yake. Na leo hayupo. Waambie wangoje."

"Wamekufa wakingoja."

"Pole," msichana akasema, na alisema kwa moyo. "Waambie tunajua."

Hanif akarudi akiwatukana wakubwa njia nzima, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Alipofika karakana aliona wote wamegeuza nyuso kumtazama, Kuluthum pia, na akajifanya anatafuta patasi.

Aliyeisogeza foleni hiyo ni Fancy. Fancy alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha na chai kwa madereva, hatua chache kutoka kwa Hanif, na kila siku alikuja kuchukua maranda ya kuwashia jiko. Alikuwa amesomea udaktari wa diploma, akafaulu, akavishwa joho, mama yake akachinja mbuzi. Kisha akangoja kuajiriwa. Hospitali zilikuwa hazina madaktari na madaktari walikuwa hawana kazi, na wakubwa, kwa maoni ya Hanif, walikuwa wameketi katikati ya vitu hivyo viwili kama paka kwenye mlango.

Siku hiyo Fancy alijaza maranda kwenye ndoo yake, akatazama foleni, akaiweka ndoo chini.

"Baba Najwa, huyu wa jaketi ana malaria."

"Alikuwa nayo," Hanif akasema.

"Na huyu mzee ameshika upande. Mzee, inauma hapa?"

"Ndio hapo hapo, daktari," Kiptanui akasema, akisimama nusu kwa heshima.

Fancy akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na stethoskopu iliyofungwa ndani ya leso. Hanif akashuka kumpisha. Fancy akapanda farasi kinyumenyume, mgongo wake ukiwa kwenye kile kichwa cha mti na uso wake ukiwa kwa wagonjwa, akambonyeza Kiptanui tumbo, akamsikiliza, akamuuliza ilianza lini na ilishuka wapi.

"Ilikuwa kidole tumbo," akasema.

"Kinapona?"

"Ungepasuliwa siku ile, ungepona."

Kiptanui akawaza. "Kumbe si kulogwa," akasema mwishowe. "Mimi nimekasirikia jirani yangu mpaka kaburini." Akavaa kofia, akamshukuru Fancy kwa mikono miwili, akatoka kupitia upande ule mwingine, akaishika barabara kuelekea kwake kumwomba jirani msamaha. Hakurudi. Alikuwa amengoja kuambiwa tu.

Foleni nzima ikasogea, makalio yakiteleza juu ya mtarakwa, na ubao ukalia kwa furaha yake ndogo.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi, chai ya kwanza ikishaisha, Fancy aliketi kwenye farasi na kuwaona wagonjwa. Mchana aliwarudia madereva, na Hanif akapanda na kuchonga, wa kwanza wa foleni akiwa nyuma yake, magoti yakimgusa mgongo. Utingo aliambiwa ni malaria, sindano zilikuwapo kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Mwenye mtoto aliambiwa ni mapafu, kwamba kulihitajika hewa ya mtungi. "Mtungi ulikuwako," mwanamke akasema. "Niliuona. Ulikuwa umefungiwa kwenye chumba na mwenye ufunguo alikuwa ameenda nao." Fancy akamshika mtoto mguu mpaka mama alipoamua kuondoka. Kila mmoja aliuliza swali lile lile, na Fancy, ambaye hakufundishwa kudanganya, alijibu lile lile. Ulikuwa ugonjwa wa kupona. Walisema asante, wakaenda nyumbani, wakaketi na watu wao jioni moja, wakawaeleza, halafu wakapumzika.

Huku nyuma foleni haikupungua. Waliokufa kwenye viti vya chuma walisikia kwamba laini ya Salgaa inasonga, wakaja. Siku moja alikuja hata baba mmoja ambaye hakuwa amekufa bado. Wenzake walimwambia aende akangoje kwanza kule Mti Mkavu kama watu wengine.

Hanif alitaka mkewe aonwe kabla ya zamu yake. Alimwomba Fancy, na Fancy akakubali, akaita, "Mama Najwa, hebu njoo mbele."

Kuluthum akakaza mkoba. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu benchi ni la mumeo," Hanif akasema. "Karakana ni yangu. Daktari anakalia farasi wangu. Kuna hospitali gani hapa ya kunikataza?"

"Na huyu aliye mbele yangu nimwambie nini? Kwamba nina mtu?" Aliye mbele yake, bibi mmoja mzee, akasema hana neno, apite tu. "Hapana, nyanya," Kuluthum akamwambia. "Kaa." Kisha akamgeukia Hanif. "Si wewe unayewatukana wenye watu? Kutwa kucha, wakubwa hivi, wakubwa vile. Leo mkubwa ni wewe?"

Foleni ikacheka. Hanif akaenda nyuma ya karakana akapasua magogo ambayo hayakuhitaji kupasuliwa.

Akangoja kama wengine. Kila mchana alipopanda farasi aligeuka kuona mkewe amesogea kiasi gani. Mbele yake walikuwa bado mkufunzi wa shule ya udereva, mama muuza mitumba na yule bibi, halafu mama muuza mitumba na bibi, halafu yule bibi tu. Kadiri alivyokaribia ndivyo Hanif alivyochonga vibaya. Alitaka mkewe aambiwe kilichomuua, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyewahi kumwambia. Na alijua akishaambiwa atavaa mkoba begani, atasema asante na kutoka kupitia upande ule mwingine. Mambo hayo mawili aliyaweka yote kifuani na hayakutoshea pamoja. Usiku hakulala vizuri, lakini hakumwambia Fancy aende polepole. Hilo alijivunia.

Jamleck alikuja siku ambayo bibi mzee alikuwa anaonwa. Alikuwa afisa wa ofisi ya afya, mtu mnene mwenye shati safi, na alikuja kwa gari la serikali na dereva. Watu waliotembelewa na wafu wao walikuwa wameanza kwenda Mti Mkavu kuuliza maswali, na maswali hayo yalikuwa yamepanda ngazi mpaka kufika kwa wakubwa. Akasimama mlangoni, akawasalimu wote, walio hai na wasio hai, akampa Hanif mkono.

"Mzee, habari ya kazi."

"Mbaya. Umeleta dawa?"

"Nimeleta habari njema." Akamtazama Fancy, ambaye alikuwa na stethoskopu masikioni na mkono kwenye mgongo wa bibi. "Daktari, hongera. Jina lako limetoka."

Fancy akavua stethoskopu. Hakuna mtu pale, wa foleni au wa barabarani, ambaye hakujua maana ya maneno hayo. Alikuwa ameyangoja tangu mbuzi wa mama yake.

"Limetoka wapi?"

"Kituo kipya. Kule milimani, mpakani kabisa. Unaripoti leo."

"Leo?"

"Gari ndilo hilo. Usiporipoti leo nafasi anapewa mwingine, wako wengi, unawajua. Umesoma nao."

"Nimalize huyu."

"Malizia," Jamleck akasema, akatazama saa kwa upole.

Fancy akamwambia bibi kuwa ilikuwa presha, na kwamba kidonge kimoja kwa siku kingemtosha. Bibi akasema asante mjukuu wangu, akaomba ashikwe mkono kuinuka, akaenda. Ubao ukalia. Kuluthum akasogea, akaketi wa kwanza, magoti pamoja, akaweka mkoba vizuri na kuinua uso.

"Shikamoo, daktari," akasema, kwa mzaha, kwa kuwa Fancy alikuwa sawa na mwanawe.

"Na huyu," Fancy akamwambia Jamleck. "Huyu mmoja tu."

"Daktari, ukimwona huyu utataka na yule. Mimi nina vituo vingine njiani, na mlima ule wakati wa mvua haupandiki. Hata wewe unaona mawingu." Alisema bila ukali. Alikuwa ameagizwa. Hanif, aliyemtazama kwa karibu, akaona kuwa mtu huyu hata kutukanika hatukaniki, maana aliyemtuma alikuwa ametumwa, na aliyemtuma huyo pia, mpaka mahali ambapo sauti ya fundi wa mipini haifiki.

Fancy akamgeukia. "Baba Najwa. Nifanye nini?"

Hanif alifungua kinywa. Aliona kibanda cha mayai, na mama yake Fancy aliyeketi ndani akibandua maganda kwa vidole vyenye uvimbe, na watoto wawili wa Fancy waliofukuzwa shule kwa kukosa karo wakikimbiza tairi. Aliona mkewe akimngoja ajibu kama mtu mwenye heshima zake. Hakuweza kusema kaa. Hakuweza kusema nenda. Alibaki na kinywa wazi mpaka dereva wa Jamleck alipowasha injini, na Fancy akachukulia kwamba hilo ndilo jibu, au akachoka kungoja jingine. Akaikunja stethoskopu ndani ya leso.

"Nitarudi wikendi," akasema. "Mama Najwa, nitarudi wikendi, wewe wa kwanza."

"Nenda, mwanangu, kazi ni kazi," Kuluthum akasema. "Mimi sina haraka."

Hakurudi wikendi. Alipiga simu kupitia kwa mama yake. Kituo kipya kilikuwa jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa na uwanja wa majani. Mabati yalikuwa hayajafika. Alikuwa ameagizwa akae hapo ili kituo kihesabiwe kwamba kina daktari, na akiondoka hata kwa nusu siku jina lake linafutwa. Wagonjwa walikuwa wamesikia, wamekuja, wameanza kupanga foleni nyuma ya jiwe.

Harjit alipita na mabaki ya mizeituni. Alimwamkia Kuluthum, akamuulizia hali, kisha akamvuta Hanif nje.

"Angalau mnaonana," akasema. "Mimi mke wangu tangu afariki sijamwona hata kwa ndoto."

"Yuko foleni, Harjit. Hayuko na mimi."

Harjit akarudi kwenye pikapu. Akapakua mbao mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Mchana huo Hanif alipanda farasi. Agizo lilikuwa la miko, ya hoteli mpya iliyofunguliwa karibu na mizani ya malori. Akaukaza mti, akavuta kisu, na akahisi magoti ya mkewe kwenye mgongo wake na pumzi yake kwenye shingo, pumzi fupi, ile ile ya kifua kilichobanwa. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye choo cha kituo cha mafuta. Kisu kikaenda kinyume cha nyuzi, kikararua.

"Mh-mh," Kuluthum akasema.

Hanif akaugeuza mti.

"Baba Najwa, daktari ameenda wapi? Watu wa nyuma wananiuliza, na mimi ndiye wa mbele, naonekana kama najua."

Katika ndoa yao yote Hanif alikuwa amemkosea Kuluthum kwa mengi, kwa hasira na kwa ukimya, lakini hakuwahi kumdanganya, na mkewe alijua hivyo.

"Ameenda kunywa chai," Hanif akasema bila kugeuka. "Anakuja."

"Alhamdulillahi." Akawageukia wa nyuma yake. "Anakuja, jamani. Kuweni tayari." Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo, nje ya mlango, kando ya ua, mpaka kwenye choo, na kila lilipofika watu walijiweka sawa, wakafunga vifungo, wakawapangusa watoto nyuso.

Kuluthum akaketi wima kwenye ukingo, kama mtu ambaye ataitwa wakati wowote, na tangu siku hiyo hajaketi vingine. Hanif bado anachonga hapo, mchana kutwa. Wenye hoteli wanalalamika kwamba miko yake siku hizi inachelewa. Anavuta kisu kidogo kidogo, na mguu anausukuma polepole, ili ubao usitikisike.